Acha Kununua Domeini Kila Wiki, Weka Soja kwa Geti

Wasee, kuna watu hununua domeini venye wengine hununua njugu kwa jamu. Wazo likiingia kwa kichwa saa nne usiku, saa nne na dakika tano mtu ameshalipa. Moja ni ya blogu. Moja ni ya duka la mitumba la dadake. Moja ni ya ile programu ya kuhesabu michango ya chama, ambayo haijaandikwa hata mstari mmoja. Mwaka ukiisha zote tatu zinadai pesa tena, na mbili zinakufa kimya kimya juu mwenyewe alishasahau pasiwadi.

Maoni yangu ni haya na sitayazungusha. Kama wewe ni kijana unaanza, unahitaji domeini moja, seva moja ndogo ya kukodi, na kitu kimoja cha kukaa mbele ya hiyo seva kinachoitwa proksi ya kinyume. Hivyo vitatu vinabeba blogu, duka, hesabu za chama, kazi zako za kuonyesha wateja na majaribio yako yote ya usiku. Domeini zingine zote ni pesa ya chai unampa mtu ambaye hata hajakuomba.

Na kabla hujanitumia meseji eti haya ni mambo ya watu wa digrii, mimi niliacha chuo. Tulichora zile tabaka saba za mtandao ubaoni hadi nikaanza kuziota, lakini hakuna siku mtu alitufungulia seva halisi tukaona ombi likiingia na jibu likitoka. Hii kitu nilijifunza nikiwa na laptopu ya mitumba na bando za usiku. Inaingia kwa kichwa haraka kuliko kanuni za drafti. Tuanze.

Fikiria ploti ya kawaida kabisa, iwe Umoja, Roysambu ama Mlolongo. Geti ni moja, keja ni ishirini. Mtu wa bodaboda akileta chakula, hagongi milango yote akiuliza nani ameagiza chipsi. Anasimama kwa geti anamwambia soja, "Boss, hii ni ya namba 12." Sasa kuna soja wa kumwelekeza mgeni apande ngazi mwenyewe, na kuna yule soja mkali ambaye hakubali mtu aingie. Anachukua mzigo, anaupeleka hadi mlangoni, anarudi na pesa. Mgeni anaondoka bila kujua ndani kuna ngazi ngapi, nani anaishi wapi, ama kama namba 12 ilihamia namba 7 wiki iliyopita. Proksi ya kinyume ni huyo soja wa pili. Mgeni anajua geti tu.

Kwa nini unamhitaji? Kila seva kwenye intaneti ina anwani yake, ile IP. Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 pekee kwa dunia nzima, na binadamu tuko zaidi ya hapo, wengine wakiwa na simu mbili. Ndio maana ukikodi seva ndogo unapewa anwani moja na unatarajiwa kushukuru. Kwa hiyo anwani kuna milango yenye namba, inaitwa poti (si ile ya Kilindini), kutoka 0 hadi 65535. Brauza ikiona https inaenda poti 443 bila kuuliza mtu, na ikiona http inaenda 80. Tatizo ni kwamba poti moja kwa anwani moja kwa kawaida inashikwa na programu moja. Blogu ikishika 443, duka litakaa wapi? Utaliweka poti 3001, halafu uwaambie wateja waandike jina la tovuti, nukta mbili, kisha 3001. Mathe wako ataandika hiyo? Na Wi-Fi nyingi za ofisi na vyuo huzifungia poti za ajabu ajabu, kwa hivyo hata yule mteja mvumilivu hatafika.

Soja anatatua hiyo. Proksi ndiyo inashika 443 peke yake. Blogu inakaa ndani poti 3000, duka 3001, chama 3002, na hakuna mtu wa nje anazijua hizo namba. Ombi likifika, proksi inasoma jina. Tangu HTTP/1.1 ya mwaka 1997, kila ombi la brauza lazima libebe jina la tovuti inayotafutwa. Kumbe hata kabla mazungumzo hayajafungwa kwa siri, brauza hutaja jina mapema ili seva ijue itoe cheti kipi. Kwa hivyo soja anajua mgeni ni wa nani kabla hajafungua kifurushi. Jina likiwa la duka, anapeleka 3001. Likiwa la chama, 3002. Likiwa jina asilolijua, anamwambia huyo mtu hatukujui hapa.

Inaitwa ya kinyume kwa sababu proksi ya kawaida husimama upande wako wewe mtumiaji, kama vile kumtuma mtoto dukani ili muuza duka asijue nani anakula mkate. Hii nyingine inasimama upande wa mwenye duka. Basi, hakuna siri zaidi kwa hilo jina.

Tuone kwa macho. Nitatumia example.com, jina lililowekwa kando rasmi kwa ajili ya mifano ili watu kama mimi tusitaje tovuti ya mtu. Kwa Caddy, proksi moja ya bure, mpangilio wote wa duka ni huu:

duka.example.com {
    reverse_proxy 127.0.0.1:3001
}

Mistari mitatu, na mmoja wapo ni mabano. Unataka chama? Unarudia hiyo mistari, unabadilisha jina na namba. Caddy yenyewe inaenda kutafuta cheti cha usalama, inakisakinisha na kukifanya upya kikikaribia kuisha. Kitu pekee kinachobaki ni kwenda kwa mipangilio ya domeini yako na kuelekeza duka.example.com kwa IP ya seva. Hayo majina madogo yanayotangulia jina kubwa, sabdomeini, ni ya bure. Ukitaka kumi, weka kumi. Ukitaka lipa-madeni.example.com, ni wewe tu na dhamiri yako.

Hapo kwa cheti ndio huwa nakasirika. Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti vya bure kwa umma mwishoni mwa 2015. Ni shirika lisilo la faida, vyeti vyake vinakubalika na brauza zote kubwa, na kwa miaka mingi kila kimoja kimekuwa kikidumu siku 90 halafu kinafanywa upya na mashine yenyewe, hakuna mtu anaamka usiku. Lakini mpaka leo kuna "wataalamu" wanaotengenezea watu tovuti mtaani na kuwatoza kila mwaka pesa ya cheti, tena wanaitaja kwa sauti nzito kama bima ya gari. Nimeona ankara ya mama mmoja wa saluni. Alikuwa amelipishwa cheti mara tatu: cha tovuti, cha ukurasa wa kupanga miadi, na cha barua pepe. Nikafungua brauza, nikabonyeza alama ya kufuli, nikamwonyesha: vyote vitatu ni vya Let's Encrypt. Alichezwa. Kama kuna kazi ya kweli ndani yake, mtu alipwe kwa kazi, sina shida. Lakini uiite kazi, usiiite bei ya cheti.

Caddy si ya kipekee. Kongwe wa haya mambo kwa wengi wetu ni Nginx, na hadithi yake naipenda kuliko filamu nyingi. Mrusi anaitwa Igor Sysoev alianza kuiandika 2002 akifanya kazi Rambler, tovuti kubwa ya kule kwao, na akaiachilia kwa umma 2004. Siku hizo seva nyingi zilifanya kazi kama hoteli ambayo kila mteja anapewa weita wake wa kusimama kando yake hadi amalize kula. Wateja wakifika 10,000 kwa wakati mmoja hakuna nafasi hata ya kupumua. Sysoev akaandika seva yenye weita wachache wanaozunguka meza zote. Huyu anatafuna, nenda kwa yule aliyemaliza, rudi. Ndio maana hadi leo seva ndogo yenye kumbukumbu kidogo inaweza kuendesha Nginx ikabaki na nafasi ya kazi nyingine.

2019 kampuni ya Marekani, F5, ikainunua kampuni ya Nginx kwa dola milioni 670. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo polisi wakavamia ofisi zake za Moscow, juu Rambler walikuwa wamesema kwamba programu iliandikwa mtu akiwa kwa mshahara wao kwa hivyo ni yao. Miezi minane tisa tu baada ya pesa kutangazwa! 2024 mmoja wa waandishi wake wakuu akatofautiana na wenye kampuni, akajitenga na toleo lake, freenginx. Na katika hizo drama zote, tovuti zilizokuwa zikitumia Nginx ziliendelea kufanya kazi kama kawaida, juu msimbo uko wazi na leseni yake inaruhusu mtu yeyote autumie. Hakuna bosi wa kampuni anaweza kuja kwa seva yako kukunyang'anya. Linganisha na akaunti yako ya mitandao ya kijamii, halafu unywe maji.

Sasa ile sehemu watu hupigania. Ukiwa na domeini moja, unagawanya aje? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sabdomeini, kama hapo juu: duka.example.com, chama.example.com. Ya pili ni mkwaju baada ya jina: example.com/duka, example.com/chama. Zote zinapitia proksi ile ile. Wakubwa wanatumia zote. Ukifungua bbc.com/swahili uko kwa domeini ile ile ya bbc.com/sport, timu tofauti, lugha tofauti, na msomaji hana habari. Ukienda eCitizen unakutana na sabdomeini kibao. Kwa hivyo hakuna dini hapa. Lakini kwa kijana anayeanza, mimi niko upande wa sabdomeini bila aibu, na nina sababu mbili. Moja itakuokoa kichwa kuuma. Nyingine inahusu pesa za watu.

Ya kichwa kuuma kwanza. Programu nyingi huandikwa zikidhani zinaishi kwenye mzizi wa tovuti. Zinaita picha na mitindo yao kwa anwani inayoanza na mkwaju tu, mfano /picha/nembo.png. Ukiiweka programu hiyo chini ya /duka, brauza inaenda kutafuta example.com/picha/nembo.png badala ya example.com/duka/picha/nembo.png. Soja hana hiyo njia kwa orodha yake, anajibu 404, na wewe unapata ukurasa mweupe ama ukurasa wenye maandishi yamepangana kama orodha ya waliofiwa. Lazima uiambie programu yenyewe kwamba inaishi chini ya /duka. Zingine zina hiyo mipangilio, zingine hazina, na zingine zinayo lakini iliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Halafu kuna ule mkwaju mmoja wa Nginx ambao umelaza watu na njaa. Ukiandika proxy_pass http://127.0.0.1:3001/ na mkwaju mwishoni, Nginx inakata neno /duka/ kabla ya kupeleka ombi ndani. Ukiandika bila mkwaju, inapeleka njia nzima kama ilivyo. Alama moja, na ni tofauti kati ya duka kufunguka na duka kukataa. Kila wiki kuna mtu kwa kikundi fulani cha WhatsApp anauliza hilo swali, na kila wiki anajibiwa na watu watano ambao watatu kati yao wanabahatisha. Ukitumia sabdomeini hilo swali halipo. Programu inajiona iko kwa mzizi, kila kitu kinakaa mahali pake, unalala.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Brauza hulinda tovuti moja isichungulie nyingine kwa kuangalia vitu vitatu: aina ya mawasiliano, jina kamili na poti. Njia iliyo baada ya mkwaju haimo. Maana yake, kwa macho ya brauza, example.com/blogu na example.com/chama ni nyumba moja. Zinatumia hifadhi moja ndani ya simu ya mgeni. Sasa tuseme kwa blogu umeweka nafasi ya maoni, umeiandika haraka haraka, na mtu mjanja akaingiza msimbo wake ndani ya maoni. Ule msimbo ukifunguka kwa simu ya mweka hazina wa chama, unaweza kusoma chochote ambacho programu ya chama imehifadhi hapo, na unaweza kutuma maombi kwa /chama kama yeye. Watu wanafikiri kuki ikiwekewa njia ya /chama imelindwa. Haijalindwa na blogu mbaya iliyo kwa jina hilo hilo. Programu mbovu kuliko zote ndiyo inaamua usalama wa zote.

Ukizigawa kwa sabdomeini, brauza inaziona kama nyumba tofauti, hifadhi tofauti. Bado kuna njia ya kujiharibia: ukiweka kuki kwa jina kubwa la example.com, inatembea kwa sabdomeini zote. Usifanye hivyo kwa kuki za kuingilia akaunti. Na kama programu inashika pesa za watu, hapo hata mimi nitakwambia ipe domeini yake na seva yake. Ile sheria yangu ya domeini moja ni ya miradi yako. Pesa za akina mama ishirini na wawili wa chama si mradi wako.

Tukiwa hapo kwa pesa. Ukitaka kupokea malipo ya M-Pesa kwa programu yako kupitia Daraja, matokeo ya malipo hutumwa kwa anwani yako kwenye intaneti, na kwa malipo halisi hiyo anwani lazima iwe ya https. Kwa laptopu yako nyumbani huwezi kupokea hivi hivi. Hapa ndipo madevu wengi wachanga hukwama na kuanza kutafuta suluhu za kulipia kila mwezi. Na proksi tayari unayo. Unaiongezea sabdomeini moja ya malipo, unaipa ruhusa ya kupitisha ile njia moja tu ya matokeo, na kila kitu kingine inakataa. Programu ya malipo inabaki ndani, haijaonekana na mtu.

Hata hiyo laptopu ya mitumba ina kazi. Intaneti nyingi za simu na za nyumbani huwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya pamoja, kwa hivyo hakuna mtu wa nje anaweza kugonga mlango wako moja kwa moja. Lakini laptopu inaweza kutoka nje. Unafungua njia ya siri kwa WireGuard kutoka laptopu hadi ile seva ndogo ya kukodi, na proksi ya kule inapitisha maombi kwa hiyo njia hadi sebuleni kwenu. Seva ya bei ya chini inashika jina na cheti, kazi nzito inafanywa na laptopu. Stima ikipotea, naam, tovuti nayo imepotea. Usiweke duka la mtu huko. Weka mambo yako.

Hiyo ya stima inanileta kwa zile namba. Ukiwahi kuona ukurasa mweupe umeandikwa 502 na chini yake neno nginx, sasa unajua ni nini. Soja yuko kwa geti, mzigo ameupokea, amegonga mlango na hakuna mtu ndani. Programu imeanguka, ama iko poti nyingine. Ukiona 504, mwenye nyumba yuko lakini amekaa sana bila kujibu, na soja amechoka kungoja. Kwa Nginx uvumilivu wake wa kawaida ni sekunde 60. Na ukiona 413 ukipakia picha, mzigo ni mkubwa kuliko soja anavyoruhusu. Kiwango cha kawaida cha Nginx ni megabaiti 1, na picha moja ya simu ya siku hizi inapita hapo bila jasho. Nimeona mtu akilaumu simu, kisha kampuni ya intaneti, kisha shetani, na ilikuwa ni mstari mmoja wa client_max_body_size.

Mitego mingine ni ya kimya, hiyo ndio mibaya. Kwanza, programu zako za ndani zisikilize kwa 127.0.0.1 pekee. Zikisikiliza kwa 0.0.0.0, umemweka soja kwa geti na ukaacha ukuta wa nyuma ukiwa umebomoka, mtu anaweza kuja moja kwa moja kwa poti 3001. Wanaotumia Docker mjihadhari zaidi: poti ukiifungua kwa Docker inaweza kupita kando ya ngome ya ufw uliyoweka, na wewe unaona ufw imeandika imefungwa na una amani ya bure. Pili, programu ya ndani inaona kila mgeni akitoka kwa anwani moja, ya soja. Ukiwa umeweka kikomo kwamba anayekosea pasiwadi mara tano afungiwe, mgeni mmoja akikosea mara tano umefungia Kenya nzima. Soja lazima aandike kwa kifurushi mgeni alitoka wapi, ndio ile X-Forwarded-For, na programu iambiwe imwamini soja peke yake. Mtu wa nje akija ameshajiandikia hiyo karatasi, ichanwe.

Najua kuna msee ashaandaa maoni: sasa ukiweka kila kitu nyuma ya geti moja, geti likifungika si umekwisha? Ni kweli. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kwa kujazwa maombi ya uongo, kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kikajigamba ni wao, na kwa sababu maelfu ya huduma za serikali zilikuwa zimeletwa kwa mlango mmoja, watu walikwama kwa pasipoti, leseni na mambo mengine yasiyohusiana kabisa. Tarehe 2 Julai 2019, Cloudflare, ambayo kimsingi ni proksi ya kinyume kubwa inayosimama mbele ya tovuti za dunia nzima, iliweka kanuni moja mbovu ya kuchuja maombi, mashine zake zikashikwa hadi pumzi ya mwisho, na kwa karibu nusu saa watu kila pembe wakaona 502. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba hakuna hatari.

Lakini tupime kwa kimo chetu. eCitizen inabeba taifa, na taifa linapaswa kuwa na mageti zaidi. Wewe unabeba blogu, duka la dadako na majaribio. Ukiwa na domeini nne kwa wauzaji wanne, una mageti manne usiyoyalinda, pasiwadi nne, tarehe nne za kulipa, na programu nne ambazo hujazisasisha tangu mwaka juzi. Geti moja unalolijua, lenye nakala ya mipangilio yake mahali pengine, linarudi kwa seva mpya ndani ya saa moja. Kabla ya kuwasha mabadiliko kwa Nginx, andika nginx -t, itakwambia kama umekosea mahali, halafu uwashe upya kwa mtindo wa reload, ambao haukati wageni walio ndani. Watu wengi wanaoangusha tovuti zao huruka hiyo hatua ya sekunde mbili.

Kuna jambo moja siwezi kuliacha, na si la kiufundi. Kabla hata ya proksi, hakikisha domeini ni yako. Ingia kwa akaunti ya msajili, angalia jina la nani limeandikwa kama mwenye domeini, na barua pepe ya nani inapokea onyo la kuisha muda. Domeini za .ke zinasimamiwa na KeNIC, lakini unazinunua kwa wasajili, na mtaani watu wengi hununuliwa na "yule kijana wa tovuti", ambaye anaiandikisha kwa jina lake. Siku mkikosana juu ya malipo, anabaki na jina la biashara yako, barua pepe zako na wateja wako. Yule mama wa saluni niliyemtaja, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa, vyeti vilikuwa kadogo tu. Tovuti tulimjengea upya kwa siku mbili. Jina lake la zamani bado liko mikononi mwa mtu asiyeshika simu, na kadi zake za biashara alizochapisha mia tano bado zinalitaja.

Caddy ama Nginx? Mtaniuliza hata nisipotaka. Kama hujawahi kugusa yoyote, anza na Caddy, cheti kinajishughulikia na faili inasomeka kama orodha ya sokoni. Kama uko na Docker nyingi, angalia pia Traefik. Mimi niko Nginx bado, juu faili yangu niliiandika zamani, ina sabdomeini tisa, na wiki iliyopita niliongeza ya kumi wakati maharagwe yanachemka.